Amri ya Mfalme kwa Mama Anwarali

Flemingdon Park, Toronto
27 Mei 2024

Chelagat mjukuu wangu,

Uko salama huko Nairobi? Unakula, au unakonda na vitabu? Sisi huku tunapumua. Nyonga yangu wameitia chuma, sasa natembea na fremu kama mtoto anayejifunza kusimama. Nyanchama ananiogesha. Yeye ni nesi, na ananiogesha kama mtu anayeosha sufuria iliyoungua. Lakini nashukuru.

Nakuandikia kwa mkono na mjomba wako Kipchirchir atapiga picha karatasi akutumie. Ya simu siyataki. Nikianza kukasirika kwenye simu inakatika.

Sikiliza. Unakijua kile kipande changu cha bustani nyuma ya jengo letu, pale ardhi inapoanza kushuka kwenda bondeni. Miaka sita nakilima. Managu yaliyomo, zile mboga zetu chungu, ni ya mama yako. Mbegu nilizitoa nyuma ya jiko lake Kericho wiki tuliyomzika, nikazificha ndani ya soksi nikapita nazo uwanja wa ndege. Tangu hapo sijapanda tena. Yanamwaga mbegu yenyewe, yanalala chini ya theluji, Juni yanaamka. Kila nikila nasema, huyu ni binti yangu bado ananipikia.

Nimetoka hospitali, nimeteremshwa na lifti nikaone kipande changu. Nikakuta udongo umegeuzwa juu chini! Umefukuliwa kina cha jembe zima! Kuna uwatu, kuna bilinganya, kuna pilipili zimefungwa vijiti. Na katikati ameinama Mama Anwarali.

Huyu ni Mhindi wa Tabora, jina lake Mariambai, alihamia kwa mwanawe ghorofa ya saba Novemba iliyopita. Mimi ndiye niliyempokea. Kiswahili chetu kilikutana kwenye lifti, na majira yote ya baridi tulitembea pamoja kwenye korido kunyoosha miguu, ananiita dada. Dada! Nilipolazwa, alikwenda kwa Leokadia, mwenyekiti wa bustani, akamwambia: "Yule hatarudi. Mtu wa umri ule akiingia pale harudi." Leokadia akampa kipande changu.

Alinizika, Chelagat. Alinizika nikiwa bado nakula uji wa hospitali, kisha akanichimbulia binti yangu.

Kipchirchir anasema, "Mama, ni mboga tu." Nimemwambia asile kwangu mwezi mzima.

Wewe unasomea sheria, na shangazi zako waliuza chai kukulipia. Sasa nitafutie sheria. Siyo hizi laini za siku hizi za kukaa mezani na kushikana mikono. Nataka ya zamani, yenye meno.

Ni mimi nyanya yako,
Gogo Taprandich


Nairobi
30 Mei 2024

Gogo mpendwa,

Nimesoma barua yako nimesimama, na nyonga yangu mimi ndiyo imeuma. Pole sana. Kula, pumzika, na umsamehe Nyanchama mikono yake. Mimi ni mzima, isipokuwa mitihani.

Habari ya managu ya mama imenifanya nifunge mlango nilie. Sikujua mbegu zilipita kwenye soksi.

Umenichekesha pia, maana muhula huu tunasoma sheria ya Kiingereza ya miaka mia nane iliyopita, na nilikuwa nailalamikia. Ipo amri moja ambayo ingekufaa kabisa. Zamani hizo mtu akinyang'anywa ardhi alikwenda kwa mfalme akapata kipande kidogo cha ngozi kilichoandikwa Kilatini. Amri yenyewe ilienda kwa shirifu, ambaye ni kama DC wa enzi za ukoloni. Hii ya kunyang'anywa iliitwa novel disseisin, yaani kuondolewa majuzi pale ulipokuwa umekaa. Haikuuliza ardhi ni ya nani, wala nani ana karatasi. Iliuliza jambo moja tu: je, fulani alimwondoa fulani mahali alipokuwa amekaa, injuste et sine judicio, bila haki na bila hukumu? Na waliojibu walikuwa majirani kumi na wawili, ambao walipaswa kwanza kwenda kuiona ardhi kwa macho yao.

Siku chache za kwanza uliruhusiwa hata kumtoa mwenyewe kwa nguvu. Zikipita, ilibidi usubiri majirani.

Aliyeshindwa aliandikwa in misericordia, yaani yuko chini ya huruma, na wenzake ndio waliopima adhabu yake. Lakini Gogo, hata mlalamikaji akisema uongo, huruma hiyo hiyo ilimwangukia yeye.

Kwa bahati mbaya amri hii ilifutwa karibu miaka mia mbili iliyopita. Zungumza tu na Leokadia, atakusikia.

Mjukuu wako akupendaye,
Chelagat


Flemingdon Park
3 Juni 2024

Wee Chelagat,

Umeamkaje? Mimi nimeamka vizuri kuliko siku zote tangu nipasuliwe. Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka Nyanchama ameuliza kama ni ya kanisa.

Imefutwa na nani? Mimi sikuulizwa. Na hiyo siyo sheria ya Waingereza, hiyo ni kokwet! Majirani wanakaa, wanaenda kuona mpaka, wanasema nani alikuwa pale, basi. Babu yako alikaa kwenye kokwet maisha yake yote na hakujua Kilatini. Kumbe wazungu walikuwa watu zamani, wakaja wakaharibika.

Sasa niandikie. Jina langu liwepo, na lake, na yale maneno ya bila haki na bila hukumu. Weka na Kilatini kidogo ili atetemeke.

Jana nilikutana naye kwenye lifti. Akasema, "Dada, nimefurahi umerudi." Nikamwambia, "Umefurahi au umeshtuka? Na usiniite dada, mimi ni marehemu." Alikuwa amebeba kopo la kumwagilia. Kopo langu! Nilishuka ghorofa ya tatu, siendi popote, nikasimama pale mpaka lifti irudi.

Nina chumvi kilo mbili chini ya kitanda. Nimefikiria kushuka alfajiri nikaimwage kwenye uwatu wake. Kipchirchir ameiona, akauliza ya nini, nikamwambia ya kusukutua.

Kwa hiyo fanya haraka, kabla sijasukutua.

Gogo


Nairobi
5 Juni 2024

Gogo wangu mpendwa na wa kutisha,

Salamu kwako, kwa mjomba, na kwa hiyo fremu inayokubeba. Namwomba Mungu akuongezee nguvu za mguu na akupunguzie za mkono. TAFADHALI usimwage chumvi. Udongo ukila chumvi hautamzalia mtu yeyote, hata wewe.

Hii hapa. Nimeifuata ya zamani neno kwa neno, ila shirifu nimemfanya Leokadia:

"Mfalme anamsalimu mkuu wa bustani. Taprandich wa ghorofa ya kumi na moja ametulalamikia kwamba Mariambai wa ghorofa ya saba, injuste et sine judicio, bila haki na bila hukumu, amemwondoa katika kipande chake. Kwa hiyo tunakuamuru, akitoa mdhamini wa kuendesha madai yake, uwakusanye majirani kumi na wawili walio huru na waaminifu, wakione kipande hicho, na waje kutoa jibu. Na uwe na karatasi hii siku hiyo. Teste me ipso."

Hayo ya mwisho maana yake ni "shahidi mimi mwenyewe". Mfalme hakuhitaji shahidi mwingine. Alijishuhudia.

Ni mchezo, Gogo. Haina nguvu yoyote. Isome, ucheke, uiweke ndani ya Biblia.

Chelagat wako


Flemingdon Park
17 Juni 2024

Chelagat,

U mzima? Mimi ni mzima na nimeshinda. Kaa chini nikuhadithie, maana Kipchirchir ataikuza kwa upande wake.

Sikuiweka ndani ya Biblia. Niliibandika chumba cha kufulia, juu ya mashine, mahali ambapo hakuna asiyepita. Leokadia akapanda kunigombeza. "Bibi, mfalme gani huyu?" Nikamwambia, "Yule aliye kwenye pesa yenu. Sarafu anasaini, hii atashindwa?" Akaisoma tena. Nikaona uso unalegea, maana anajua alikosea. Leokadia ni mtu wa Bukoba, haoni aibu haraka, lakini ikija inakaa.

Basi jana Jumapili baada ya kanisa wakashuka. Kumi na wawili kamili, wote wenye vipande pale: Waafghani, Mfilipino na mumewe, mama wa Kitamil na binti zake, Wasomali, nani na nani. Leokadia anasoma Kiswahili changu, anageuza Kiingereza, wao kwa wao wanageuza zaidi. Niliketi kwenye kiti cha plastiki kama jaji. Mama Anwarali alisimama kando ya bilinganya zake amejifunga mtandio.

Leokadia akasema, "Swali ni moja. Nani alikuwa amekaa hapa?"

Mama Anwarali akajibu, "Mimi sikunyang'anya mtu. Kipande kilikuwa kimelala."

"Kimelala!" nikasema. "Ilikuwa Aprili! Canada nzima ilikuwa imelala, mbona hukuilima yote?"

Wakacheka, hata waliokuwa bado hawajageuziwa. Kisha mzee wa Kiafghani akauliza, mwaka jana ni nani aliyekuwa akimpa mboga zile chungu zinazomshusha sukari. Mikono yote ikanionyesha mimi. Fikiria, mikono kumi na mmoja, na wa mzee mwenyewe.

Hapo nikamgeukia. "Na ulisema sitarudi. Sema hapa mbele yao. Ulisema au hukusema?"

Akasema, "Nilisema."

Hakujitetea. Nilikuwa na maneno mengine kumi nimeyapanga, nikakosa pa kuyaweka. Iliniudhi sana.

Wakaamua: alinitoa bila haki na bila hukumu. Kipande ni changu na kila kilichomo ni changu. Yeye yuko misericordia. Nilitaka wang'oe pilipili mbele ya macho yake na asikanyage tena bustani. Wakakaa kando wakanong'ona. Mfilipino akatazama fremu yangu, akasema huyu mama hawezi kuinama, kipande atakilima nani? Basi wakapima adhabu hivi: Mama Anwarali atakuja kila asubuhi kunilimia, kupalilia na kumwagilia, mimi nikiamuru, mpaka managu yatakaporudi.

Leokadia akanisogelea, akasema polepole, "Bibi, si umesema aliyafukua yote?"

Nikamwambia, "Ndiyo."

"Basi yatarudi lini?"

"Hayarudi," nikasema. Na nikatabasamu. Kifungo cha maisha, Chelagat! Na nimekitoa bila kutia chumvi.

Gogo wako mshindi


Nairobi
28 Julai 2024

Gogo mpendwa,

Habari ya siku nyingi? Nimekuandikia ujumbe kwa simu ya mjomba mara kadhaa na hujibu. Nyonga inaendeleaje? Umelala vizuri? Mjomba anasema unashuka bustanini asubuhi na unarudi saa ya chakula, na nyumbani huongei. Nimeogopa.

Kusema kweli sipendi hiyo hukumu. Darasani nimewasimulia wenzangu wakapiga makofi, lakini mimi nilibaki nawaza. Adhabu ya misericordia ilipaswa kuwa ya kiasi, isimalize mtu. Mama Anwarali naye ni mzee. Nyanchama amenisimulia kwamba anashika mgongo akisimama.

Niambie ukweli wa mambo.

Mjukuu wako,
Chelagat


Flemingdon Park
4 Agosti 2024

Chelagat,

Salamu tumepokea. Mimi ni mzima, nyonga inalia mvua ikikaribia tu. Kama umeanza kumhurumia adui wa nyanya yako, sema, nijue nakaa na nani.

Adhabu inaendelea. Anakuja mapema, anabeba kiti changu, anakiweka kivulini, kisha anainama. Namwambia, "Si hapo. Pale! Unakwangua kama kuku." Ananiambia, "Na wewe unaamuru kama mkuu wa mkoa." Nikaongeza siku moja kwa ujeuri. Akileta chai ya maziwa na tangawizi naipokea, kwa sababu ni ya kifungo, kila kilichomo ni changu. Akileta vitumbua vilivyoungua upande mmoja namwambia nimewahi kula vibovu zaidi, lakini si mara nyingi.

Nilimuuliza siku moja, kwa nini ulisema vile? Nilitaka nimchome. Akaendelea kupalilia. Akasema mumewe Tajdin aliingia hospitali ile ile, ghorofa ile ile, Oktoba. Alimwachia miwani yake, akamwambia, ishike, nitarudi jioni. Akasema, "Dada, mlango ule mimi nilishaujua. Nilipokuona unapitishwa nikakulilia siku mbili. Ya tatu nikachukua jembe. Sikuwa na la kufanya na mikono."

Usifikiri nimemsamehe. Mtu akikulilia kabla hujafa bado ni kosa. Nilimwambia aende akamwagilie bilinganya.

Sasa jambo lingine, na hili lifie kwako. Yameota.

Pembeni, kando ya ua wa waya. Alipogeuza udongo zile mbegu za chini zilipanda juu zikaona jua. Ni managu ya mama yako, jani lile lile, shina lile lile lenye uzambarau kidogo. Nilipoyaona nilishika fremu kwa mikono miwili. Ni mengi kuliko mwaka wowote.

Lakini yakijulikana, kifungo kimekwisha. Basi nimemwambia, "Hayo ya kando ni magugu ya kuzuia udongo, usiyaguse." Huyu ni Mhindi, mboga zetu atazijulia wapi? Anazunguka na jembe, hayagusi. Akishapanda lifti ninachuma kidogo, naficha chini ya mtandio.

Usimwambie mjomba wako.

Gogo


Nairobi
10 Agosti 2024

Gogo,

Shikamoo, na pole na ujambazi. Huku kwetu ni baridi, nimevaa sweta yako.

Nimelia tena kwa ajili ya mama, safari hii nikicheka. Lakini nakushtaki mbele yako mwenyewe: umemficha mfungwa mwisho wa kifungo chake. Mahakimu wa zamani wangekuandika wewe misericordia kabla ya chakula cha mchana. Mwambie, Gogo. Anaweza kuja hata bila hukumu. Umewahi kumuuliza?

Na unikaushie mbegu, nirudishe nyuma ya jiko la mama.

Chelagat wako


Flemingdon Park
23 Septemba 2024

Chelagat,

Siulizi habari zako leo, nitauliza kesho. Mimi si mzima.

Jana Anwarali alikuja bustanini na viatu vyake vya ofisi. Amenunua nyumba Mississauga. Anamhamisha mama yake Jumamosi. Wa ghorofa ya saba wanaondoka wote. "Kuna nafasi, Bibi, na msikiti ni jirani," ananiambia anacheka, kama mtu anayeniletea zawadi.

Nikamwambia mama yako haendi popote, yuko kifungoni. Akadhani ni utani wa wazee.

Ndipo Mama Anwarali akaweka jembe chini. Akaenda kando ya ua, akavunja tawi la managu, akaniwekea mapajani. Akasema, "Mnavu huu, dada, Tabora tuliula tangu sijaota meno. Kifungo changu kiliisha Julai."

Julai! Alijua siku zote, na alikuja siku zote. Mimi naiba mboga zangu mwenyewe chini ya mtandio, naye juu anaangalia pembeni ili nipite.

Nimekasirika kuliko siku niliyokuta uwatu. Amenifanya mjinga mbele ya bilinganya. Na sasa anaondoka kabla sijamlipa.

Nitafutie amri nyingine. Ya kumzuia mtu asitoke. Lazima ipo, watu wale hawakuacha kitu. Haraka, Jumamosi ni karibu.

Gogo


Nairobi
24 Septemba 2024

Gogo mpendwa,

Nakukumbatia kwanza. Kaa, kunywa chai, nyoosha mguu.

Ipo. Inaitwa ne exeat regno, asitoke katika nchi. Lakini ilimkamata mtu anayekimbia kesi au kukimbia hukumu, na Mississauga hata si nje ya nchi, ni safari ya basi na treni. Nimepekua usiku na mchana, Gogo. Kila amri waliyoitunga inaanza na kosa. Na Mama Anwarali hana kosa tena. Alimaliza hukumu yake, akaongeza na ya bure.

Kwa hiyo hakuna ya mfalme. Ukitaka, iandike mwenyewe.

Chelagat wako


Flemingdon Park
7 Oktoba 2024

Chelagat mjukuu wangu,

Natumaini unakula. Mimi nakula, lakini peke yangu, na chai ya Nyanchama haina tangawizi. Baridi ya kwanza imepiga, pilipili zimekufa zote. Mbegu zako nimezikausha dirishani, ziko ndani ya soksi, zitakuja na mgeni wa Desemba.

Jumamosi ile waliondoka. Sikushuka kuaga. Niliangalia gari kutoka juu.

Hii hapa chini ni nakala. Yenyewe Kipchirchir ameipeleka Mississauga kwa mkono, maana nimemwambia asipoipeleka hali kwangu tena. Nimeiandika bila wewe. Kama Kilatini kina makosa, waje wanifunge.

"Mimi Taprandich wa ghorofa ya kumi na moja namsalimu Anwarali wa Mississauga, mwenye gari. Nakulalamikia kwamba umemwondoa Mariambai, injuste et sine judicio, bila haki na bila hukumu, mahali alipokuwa amekaa, yaani kando ya kiti changu. Kwa hiyo nakuamuru: siku ya kwanza ya Mei ambayo udongo utakubali jembe, umlete kwenye kipande, yeye na miwani ya Tajdin ili aone anachopalilia, wala usije na viatu vile. Usipomleta, nitakuja kwako na majirani kumi na wawili ndani ya basi, na tutakaa sebuleni kwako. Uwe na karatasi hii siku hiyo.

Na yeye mwambie hivi. Alisema mimi sitarudi, nikarudi. Sasa na yeye arudi.

Shahidi mimi mwenyewe,
dada yake."